Kantini ya Wakwe

Mume wangu aliingia kwenye mvinyo wa Kiitaliano jinsi watu wengine wanavyookoka: ghafla, akiwa mtu mzima, na kwa kelele nyingi. Mwanzo wa wiki alikuwa mtu wa kawaida wa Vihiga anayefanya kazi ya ofisini, anayekunywa chai ya maziwa kwa kikombe kikubwa na kulalamika kuhusu mabasi ya Kilburn, hapa London. Kufikia mwisho wa wiki alikuwa anaishika glasi kwenye mguu wake mwembamba, anaizungusha, anaingiza pua ndani mpaka miwani inagonga ukingo, halafu anatutangazia matokeo.

"Lami," alisema siku ya kwanza, macho yamefumbwa. "Lami na waridi."

Nilimwambia lami naijua. Nilikuwa mtoto walipoimwaga kwenye barabara ya kwetu kwenda Kapsabet, na simkumbuki hata mmoja wetu aliyetamani kuilamba. Akanitazama kwa huruma. Akanieleza kwamba hii ni Barolo, inatoka Piemonte, kaskazini mwa Italia, na kwamba wajuzi wote wanasema hivyo hivyo: lami na waridi. Nikamwuliza wajuzi hao walilamba barabara gani.

"Hiyo ya barabara ni nyingine," akasema. "Inaitwa Barbera."

Na hakuwa anatania; kuna mvinyo wa jina hilo.

Chanzo cha haya yote kilikuwa binti yetu. Alisimama karibu na friji akatuambia kwamba amepata mtu, kwamba mtu huyo ni Mwitaliano, na kwamba wazazi wake wana shamba la zabibu Piemonte na baba mtu anauza mvinyo hapa hapa London. Mimi nilishika kifua. Mume wangu alishika simu, akaanza kutafuta kozi. Hawezi kukaa mbele ya wakwe kama gunia la viazi, alisema; mtu akienda ukweni lazima awe na la kuzungumza. Kama ingekuwa kwao angezungumza habari za ng'ombe. Sasa ilimbidi ajue habari za chupa.

Alisoma kwa bidii ambayo hakuwahi kuionyesha hata siku zile tulipokuwa tunashinda Croydon kwenye jengo la uhamiaji kutafuta makaratasi. Toscana, aliniambia nikikata sukuma wiki, ni nchi ya zabibu za Sangiovese, na chupa ya Chianti yenye picha ya jogoo shingoni si sawa na ile isiyo na jogoo. Nikamwambia jogoo wa chama sisi kule Kenya tulishampigia kura vya kutosha. Veneto, aliniambia nikipiga pasi, wanaanika zabibu kwenye vichanja mpaka zisinyae, ndipo wanazikamua. Kama mama yangu anavyoanika mahindi, nikasema, isipokuwa mama yangu hachukui bei ya mbuzi kwa debe. Sisilia wanapanda kwenye majivu ya mlima wa moto. Hapo nilirudi kwenye pasi yangu. Mtu akishafika mlima wa moto unamwacha huko huko.

Kilichonichosha zaidi ni miaka. Kila chupa ina mwaka wake wa mavuno, na mume wangu aliijua miaka ya Piemonte kama mkunga anavyojua watoto aliowazalisha. Mwaka huu mvua ya mawe ilipiga. Mwaka ule jua lilizidi, mvinyo ukatoka mnene na wa kunywewa mapema. Mwaka mwingine kila kitu kilikuja kwa wakati, na huo ndio wa kuweka. Kaka yake alipiga simu kutoka Vihiga kusema mahindi yamekauka, naye akashangaa: kwani mvua haikunyesha? Alijua kilima gani Piemonte kinatazama kusini. Shamba la marehemu baba yake linatazama wapi, mpaka leo hajui.

Chupa zenyewe alizilaza kabatini, kwenye giza, chini ya nguo zangu za kanisani. Hazitaki mwanga, hazitaki kutikiswa, hazitaki joto. Kwa ajili hiyo Januari yote hita ya chumbani haikuwashwa. Nililala na koti. Nilimwambia tangu nifike nchi hii sijawahi kuona mgeni aliyehudumiwa hivyo. Mimi mwenyewe sikupokelewa hivyo, na nilikuja na viza.

Lakini mvinyo haukuwa tatizo letu. Tatizo letu lilikuwa mama yangu.

Mama yuko Nandi, na watoto wote wa ukoo humwita Kogo, ndivyo sisi Wakalenjin tunavyomwita nyanya. Binti yetu alizaliwa London. Kiswahili anakielewa chote na hujibu kwa Kiingereza; Kinandi anajua salamu na matusi mawili. Lakini kwa jambo hili alikuwa Mnandi kuliko mimi. Alisema bila baraka ya Kogo hakuna harusi, hakuna pete, hakuna ukumbi. Na alimaanisha baraka yenyewe, si maneno ya simu. Kwetu mzee akikubariki hukutemea mate viganjani, mepesi kama manyunyu, nawe unayapaka kifuani. Mimi nilitemewa siku naondoka, mlangoni mwa uwanja wa ndege, na askari mmoja akaja mbio akidhani tunagombana. Zamani wazee walichukua funda la maziwa au la pombe ya asali wakalitema hivyo. Mama anatumia maziwa, au mate matupu.

Pombe hawezi. Baba yangu alikunywa. Alikunywa busaa, akanywa chang'aa, akanywa ng'ombe mmoja baada ya mwingine, akanywa karo yangu, na mwishowe akajinywa mwenyewe. Tangu tumzike, Mama hakai chini ya paa moja na pombe. Kwenye harusi zenye bia hukaa nje na watoto wachanga. Nesi akimpaka spiriti kabla ya sindano, hugeuza uso.

Sasa nenda ukamwambie mtu kama huyo kwamba mjukuu wake anaolewa katika nyumba inayotengeneza pombe, inauza pombe, na imekuwa ikiishi kwa pombe tangu babu wa babu.

"Tuseme ni wakulima," mume wangu alishauri. "Si uongo."

Kwa hiyo tulisema wakulima. Jumapili moja tukapiga simu ya video, kijana wa watu amekaa katikati yetu kwenye kochi, amenyoa vizuri, amefundishwa "Shikamoo, Kogo" mpaka inatoka bila kukwama. Mama aliitikia marahaba na kumkagua, pua imegusa kioo cha simu. Akaniambia nimwulize watu wake hufanya nini.

"Wana shamba, Mama."

"Shamba la nini?"

"Zabibu."

Alifurahi. Zabibu ziko kwenye Biblia. "Na hapo London, wanalima wapi?"

Kijana alisikia neno London, akaona aonyeshe heshima kwa kujibu mwenyewe. Kabla sijafungua mdomo alisema, kwa Kiingereza chake cha kuimba, kwamba baba yake ana cantina.

"Kantini!" Mama alipiga kofi mpaka simu ikamwanguka. Tuliona dari, tukaona kuku, halafu uso wake ukarudi umejaa kicheko. "Ana kantini! Kwani hamkusema?"

Nieleze. Kwa Waitaliano cantina ni mahali pa kutengenezea na kuwekea mvinyo. Kwa mtu yeyote aliyepitia shule ya Kenya, kantini ni lile dirisha lenye waya ambapo unanunua mandazi saa nne. Na kwa Mama ni zaidi ya hapo. Baba alipomaliza kila kitu, Mama alianza kukaanga mandazi na kuyauza kwenye kantini ya shule ya msingi, na mandazi hayo ndiyo yaliyonimalizia shule. Ukitaka kumwonyesha Mama mtu mwaminifu, mwonyeshe mtu wa kantini.

Mume wangu alivuta pumzi ili aeleze asili ya neno. Nilimkanyaga.

"Hao ni watu wetu," Mama alisema. "Nikija, nataka niione hiyo kantini."

Alikuja mwezi wa tano. Chupa zilihamishiwa kwa jirani kabla hajatua, na mume wangu naye karibu ahamie huko, kwa sababu kwao mwanamume hapitani na mama mkwe mlangoni wala hali naye meza moja, na nyumba yetu ina korido moja isiyotosha watu wawili. Alikuwa akisikia Mama anakohoa anarudi chooni. Tulimpeleka Mama kuona mto, akasema ni mchafu. Tulimpeleka kuona kasri, akauliza kama mwenyewe yuko. Kila jioni aliuliza, "Kantini ni lini?" Binti yetu alikuja kila siku baada ya kazi, anakaa miguuni pake, anamkanda vidole, ananiangalia mimi. Nilikuwa nimeshaanza kuiona harusi hiyo ikifa mikononi mwangu, na kwa kweli niliogopa. Niliogopa kumwona mtoto wangu akichagua kati ya mume na nyanya yake. Niliogopa zaidi kwamba angemchagua nyanya.

Mwisho Mama alichukua hatua mwenyewe. Alinivuta hadi Queensbury, kwenye duka la mama mmoja wa Kihindi aliyezaliwa Kisumu, akanunua unga na iliki huku wakilaumiana kwa Kiswahili juu ya bei. Jumamosi asubuhi nyumba ilijaa moshi. Mtu haendi kwenye kantini ya watu mikono mitupu.

"Leo nawaona wakwe," alisema, akifunika beseni la mandazi kwa leso. "Mkitaka msitake."

Binti alimpigia simu mchumba wake. Ilikuwa siku mbaya kuliko zote: baba mtu alikuwa ameita wateja wake waje kuonja mvinyo wa Piemonte, na mwaliko haukuweza kufutwa. Tukapanga tuingie kwa mlango wa nyuma, tukae ofisini na chai, Mama awabariki watoto, tuondoke. Mpango mzuri. Ulikufa pale tuliposhuka kwenye basi, kwa sababu Mama aliona kibao chenye maandishi makubwa CANTINA juu ya mlango wa mbele, akakisoma kwa sauti, herufi kwa herufi, na kuingia moja kwa moja na beseni lake.

Duka lenyewe liko chini ya daraja la reli, refu na jembamba, na treni ikipita juu chupa zote hulia kwa pamoja. Ndani kulikuwa na watu wengi waliovaa skafu, ingawa jua lilikuwa linawaka. Kila mmoja alikuwa anazungusha glasi. Walichungulia rangi kwenye karatasi nyeupe. Walivuta harufu, wakaingiza funda mdomoni, wakalisukutua kwa mlio wa mtu anayesafisha koo, wakakunja uso kama wamepewa habari za msiba. Halafu, mmoja baada ya mwingine, waliinama juu ya ndoo za bati na kutema.

"Uyoga," alisema mmoja.

"Tandiko la farasi," alisema mwenzake kwa heshima, na mume wangu, aliyekuwa amejibanza nyuma yangu, akatikisa kichwa kukubali. Farasi mwenyewe amemwona kwenye televisheni tu.

Mama alisimama katikati. "Hii ndiyo kantini?"

"Ndiyo, Mama."

"Na hawa ndio wanafunzi?"

"Kwa namna fulani."

Mkwe, baba wa kijana, alituona. Alikuwa mzee mfupi, mikono mipana ya shamba, na wakati huo alikuwa na mvinyo mdomoni, hivyo hakuweza kusema. Aliinua kidole kuomba radhi, akageuka, akatema ndani ya ndoo kwa ustadi bila kudondosha hata tone, akafuta midomo kwa kitambaa, ndipo akaja na kushika mkono wa Mama kwa mikono yake yote miwili. Kwetu hivyo ndivyo unavyomshika mzee. Hakuna aliyemfundisha.

Mama hakuuachia mkono. Alimtazama, akaitazama ndoo.

"Mwulize kwa nini anatema."

Nilifikiria kudanganya. Nilikuwa na uongo mzuri kuhusu meno. Lakini binti yangu alikuwa amesimama pale amebana midomo kama alivyofanya akiwa mdogo akisubiri sindano, na mimi nilikuwa nimechoka na kantini. Nikamwuliza mkwe kama nilivyoulizwa. Akacheka.

"Mwambie leo nina chupa nyingi za kuonja. Nikimeza zote, jioni nitakuwa chini ya meza na hawa watabeba duka. Baba yangu alinifundisha kutema kabla hajanifundisha kunywa."

Nikatafsiri yote, neno kwa neno.

"Kwa hiyo ni pombe," Mama alisema.

"Ni divai, Mama!" mume wangu aliruka kutoka nyuma, amesahau kabisa kwamba hatakiwi kumkaribia. Divai ni neno la Biblia; alitumaini lingemwokoa. "Divai, kama ile ya Kana!"

"Nyamaza, baba. Harufu hiyo nimeijua tangu mlangoni. Nimelala nayo kitanda kimoja."

Treni ikapita. Chupa zikalia mpaka zikanyamaza. Binti yangu akasema, "Kogo, please."

Mama alizunguka duka polepole. Alisimama kwenye kila ndoo akachungulia. Watu wa skafu walimpisha, wakidhani ni mnunuzi mkubwa kutoka nje. Mmoja alimwuliza maoni yake juu ya mwaka huu wa mavuno. Aliporudi alikuwa na swali moja.

"Wote wanatema?"

"Wote, Mama."

"Huyu wangu nimemwona akimeza."

Mume wangu akaiweka glasi mezani taratibu, kama mtu aliyeambiwa ashushe silaha. Aliniambia baadaye kwamba ilikuwa Barolo ya mwaka mzuri na dhamiri haikumruhusu.

Mama alikaa kwenye kreti iliyokuwa pale, beseni magotini. Aliinamisha kichwa mpaka nikadhani anaomba. Kisha akaniambia kwa Kinandi, taratibu, akiangalia ile ndoo: "Baba yako hakuna aliyemwambia kwamba inatemwa. Alidhani ukishaiweka mdomoni lazima uimeze."

Hayo sikuyatafsiri. Nililia hapo hapo, mbele ya wajuzi wa tandiko la farasi, kwa ajili ya mtu ambaye sikuwa nimemlilia tangu tumzike.

"Lete," Mama akasema, na kumnyooshea mkwe mkono.

Mkwe alimmiminia kidogo. Mama hakuizungusha wala hakuinusa. Alifumba macho, akaingiza funda, mashavu yakajaa, na nilimwona akipigana nalo ili koo lisifunguke. Kwa mkono aliashiria. Binti yangu alielewa kabla yangu: alipiga magoti kwenye sakafu ya mawe, akamvuta mchumba wake chini, wakafungua viganja. Mama akawatemea. Manyunyu mekundu, mepesi, mara moja na mara ya pili, mpaka mdomo ukaisha. Mkwe, ambaye hakujua lolote lakini aliona ni jambo kubwa, akaleta na yeye viganja vyake. Mama akachukua funda jingine.

Mwenye skafu mmoja alimwuliza mume wangu kwa mnong'ono hii ni mbinu ya eneo gani.

"Nandi," mume wangu akajibu, kifua mbele. "Nyanda za juu. Inatazama magharibi."

Mama alijifuta midomo kwa leso. "Chungu," alisema.

"Hiyo ni Barolo, Mama, ina lami na..."

"Ni pombe," Mama akamkatiza. "Lakini leo imetoka." Kisha akafunua beseni na kuwaita wanafunzi waje wale, kwa sababu watu wanaotema kutwa nzima lazima wana njaa. Walikuja. Mmoja aligundua iliki na kuitangaza kwa sauti.

Tulirudi Kilburn kwa treni. Mama alishika beseni tupu na kuniuliza kama kantini ile hufunguliwa pia katikati ya wiki. Mume wangu alisimama mbali naye, heshima imemrudia. Binti yangu alikaa kando yangu, viganja wazi juu ya magoti, vimekauka vikiwa vyekundu; alikataa kuvipangusa. Maisha yangu yote, harufu ya pombe ikiingia mlangoni, mimi nimekuwa nikitafuta dirisha. Siku hiyo niliuchukua mkono wa mtoto wangu nikaunusa. Hakukuwa na lami wala waridi. Ilikuwa harufu ya mate ya mama yangu.